Maksai wa Pengoni

Maksai walikuwa wameshatoka zizini na kuupita ua wakati Fundi alipotokea barazani, futi kamba shingoni na sindano mdomoni, kuuliza wanakwenda wapi asubuhi ile ya mvua.

"Kwa Kijua," mkewe akajibu bila kugeuka.

Fundi akatoa sindano mdomoni. "Kwa Kijua? Shamba letu hatujaligusa hata kwa fimbo!"

"Nimesema kwa Kijua."

"Basi ngoja nivae viatu."

"Vaa. Utatukuta njiani. Maksai hawangoji viatu."

Ndivyo alivyokuwa Mama Ukungu. Akishaamua jambo, miguu yake ilitangulia na maneno yakafuata nyuma yakihema. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu wa upande wa pili wa mlima, alikokaa mdogo wake wa kiume, kwa sababu kila mwaka, mvua zilipokaribia, walimwona akiteremka kutoka pengoni na maksai wawili mbele na ukungu nyuma yake, utadhani ameufunga kamba anauvuta. Na mdogo wake, kwa kuwa alikaa kwenye jua kali mwaka mzima, watu wa upande wa dada walimwita Kijua. Wote wawili waliyapenda majina hayo kuliko waliyoandikiwa.

Mlima wenyewe haukuwa mkubwa wa kujivunia. Ulikuwa mlima wa kawaida, wenye mgongo mrefu na pengo moja katikati kama jino lililong'oka. Lakini ulikuwa umesimama njiani kwa mawingu, na hilo lilitosha. Upepo wenye maji ulitoka upande mmoja siku zote. Ukigonga mlima, ulimwaga mizigo yake yote upande wa Mama Ukungu. Huko paa ziliota kuvu, chumvi iliyeyuka ndani ya kopo, kiberiti kilifichwa kwapani kama pesa, na nguo iliyofuliwa Jumatatu ilivaliwa Ijumaa ikiwa bado mbichi kwenye mikunjo. Mawingu yalipochoka kumwaga, wiki mbili hivi baadaye, yalijipenyeza pengoni na kuteremkia kwa Kijua na masazo yaliyobaki. Huko udongo ulikuwa mwekundu, mabati yalilia kwa joto, na watoto walipakwa mafuta midomoni ili wakicheka isipasuke.

Ukitoka nyumba moja baada ya chai ya asubuhi, ulifika ya pili kabla sufuria ya mchana haijaepuliwa. Ulikuwa mwendo wa miguu tu, lakini ulitoka kwenye sweta ukaingia kwenye kivuli.

Baba yao ndiye aliyewaachia maksai. Mzee yule alipolala kitandani akijua haamki tena, watu walimshauri agawe kila kitu mapema watoto wasije wakashikana mashati. Shamba la upande wa jua alimpa Kijua. Dada mtu alikuwa ameshaolewa upande wa ukungu, ana shamba lake. Walipofika kwenye maksai, mzee akatikisa kichwa.

"Maksai hawagawanywi kama mkate," alisema. "Ukimpa kila mtu mmoja, wote wawili umewapa nyama. Mvua ndiyo itatoa zamu. Kwa mkubwa kwanza, maana ndiko inakoanzia. Kisha kwa mdogo."

Maneno hayo yalitosha kwa miaka mingi. Hakuna aliyewahi kuyafungua kuona ndani yana nini.

Na miaka ile, asikwambie mtu, ilikuwa mizuri. Mvua ilianza kwa Mama Ukungu. Alilima mwenyewe, akishika plau kwa mikono miwili, na Fundi alitangulia mbele akiwaongoza maksai huku akitembea kinyumenyume, kwa sababu hakuwaamini kuwapa mgongo. "Mimi nimezoea chombo ambacho ukikikanyaga kinashona," alisema. "Hiki ukikikanyaga kinakukanyaga na chenyewe." Wa kushoto aliitwa Diwani, kwa kuwa alikuwa na sauti kubwa na hakuanza kazi mpaka asukumwe. Wa kulia alikuwa Karani, mwembamba, mpole, aliyetazama kila kitu mara mbili kabla ya kukikanyaga.

Wakimaliza, safari inaanza. Mama Ukungu anawafunga nira, plau linalazwa juu ya gogo la kuburuta, gunia la viazi linafungwa juu yake, na Fundi anabeba cherehani yake kichwani. Kila mwaka aliibeba. Kwa sababu wakifika kwa shemeji yake, wakati wengine wanalima upande wa jua, yeye alikaa chini ya upenu akiwatilia viraka watu wa huko wote, kuanzia suruali za shule hadi magunia. Wake wa majirani walikuwa wakitunza nguo zilizochanika miezi mizima wakisema, "Ngoja maksai waje."

Kule kwa Kijua watoto waliwaona kwanza. Walipiga kelele, wakapanda mbio mpaka chini ya pengo, na hawakumsalimia shangazi wala mtu yeyote mpaka wamewagusa maksai. Ngozi ya Diwani ilikuwa bado na unyevu wa upande wa pili. Watoto walibandika pua zao ubavuni mwake na kuvuta pumzi. Waliinusa mvua kwenye ngozi ya ng'ombe kabla haijawanyeshea.

Kijua mwenyewe alisimama uani, mikono kifuani, akijifanya hana haraka.

"Shikamoo dada. Umekuja na mgeni?" aliuliza, akimaanisha mvua.

"Marahaba. Yuko nyuma, anafunga viatu."

"Mwambie afanye haraka, maji tumemtengea lakini ni ya kwake mwenyewe." Kisha alimzunguka dada yake akimkagua. "Mbona umeanza kuota kuvu shingoni?"

"Na wewe cheka taratibu, nitapata kesi ya kukupasua mdomo."

Wifi, mkewe Kijua, alikuwa na sauti ya kukata kuni. Alitoka jikoni akiwafokea wote waache maneno, waingie, wale. Chumba chao cha mbele kilikuwa na meza moja na viti visivyofanana hata kimoja, na kwa siku zote za kulima kilijaa watu, matope, harufu ya nguo mbichi inayokauka, na kelele za cherehani kutoka upenuni. Siku ya pili au ya tatu, mtu mmoja angetazama juu na kusema, "Haya, yuko mlangoni." Wingu lilikuwa limesimama pengoni, jeupe, kama mgeni anayesita kuingia bila hodi. Na jioni yake mvua iligonga bati.

Mama Ukungu alikuwa akirudi nyumbani na gunia la kunde. Mahindi na viazi vilivuka kwenda kule, mtama na kunde vilivuka kuja huku, na hakuna mwaka nyumba zote mbili ziliwahi kulala njaa kwa pamoja. Hakuna aliyeona ajabu. Walidhani dunia yote imejengwa hivyo.

Basi ukaja mwaka ule.

Mawingu hayakuonekana. Siku ya kawaida ya kuanza ikapita, na wiki zikafuata, na mlima ukabaki umesimama mkavu pande zote kama mkate uliosahauliwa. Redioni walitangaza kwamba upepo umebadilika, mvua itachelewa, na safari hii ikija itakuja kote kwa mpigo na kukatika mapema. Walisema mvua itakuwa ya wastani hadi chini ya wastani.

"Wastani ndiyo kipimo gani?" Fundi akaiuliza redio. "Mteja akiniambia nimshonee suruali ya wastani hadi chini ya wastani, nitamwuliza ana mguu mmoja au miwili."

Mama Ukungu alicheka. "Hao wanatabiri mji. Hawalijui pengo letu."

Redio ilikuwa sahihi, kila neno. Lakini mtu aliyeona jambo likitokea kwa namna moja tangu azaliwe, utamwambia nini?

Ilikuja alfajiri moja. Mama Ukungu alisikia matone juu ya paa, akatoka nje na kanga kichwani akiwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu. Akautazama mlima, na furaha ile ikapungua. Ukungu ulikuwa ukiteremka kutoka pengoni kuja kwake. Miaka yote tangu aolewe huku aliuona ukipanda kutoka kwake kwenda kule. Mvua ilikuwa imetokea upande wa jua, ikapita kwa Kijua kwanza, ndipo ikavuka mlima kuja kwake, kama mtu aliyeingia nyumbani kwa mlango wa jikoni.

Alisimama pale akilowa. Aliwaza jambo moja tu. Udongo wake mweusi ulikuwa kama godoro, ukishiba maji unakaa nayo siku nyingi. Udongo wa Kijua ulikuwa shuka. Ukilowa leo, keshokutwa umekauka, na plau haliingii tena. Na redio ilisema itakatika mapema. Maksai wakianza kwake, watakapomfikia Kijua watakuta tofali.

Ndipo alipokwenda zizini.

Fundi aliwakuta nusu ya mlima, cherehani kichwani, viatu vimeshaingia maji.

"Mke wangu, sisemi neno," alisema, naye akiwa na maneno mengi. "Lakini mahindi yetu ni ya muda mrefu. Yakichelewa kupandwa yatakutana na baridi yakiwa yanatoa ndevu. Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Gunzi tupu haliliki."

"Nalijua, Fundi. Godoro linaweza kungoja kidogo. Shuka haliwezi. Na baba alisema mvua ndiyo itatoa zamu. Imempa Kijua."

Fundi akahamisha cherehani begani. "Ungeniambia mapema ningevaa viatu vibovu."

Kwa Kijua watoto hawakukimbia kuwapokea. Hawakuwa na haja ya kunusa mvua ng'ombeni. Ilikuwa imewajaa vichwani. Kijua alikuwa katikati ya shamba, amelowa chapachapa, mikono ameinyoosha kama anayepimwa shati. Alipowaona maksai wakiteremka, uso wake ulibadilika.

"Shikamoo dada. Kuna nini? Kwako haijanyesha?"

"Marahaba. Imenyesha. Imenyesha kote."

"Sasa hawa umewaleta wa nini?"

"Kulima. Au walikuwa wakija hapa kusalimia?"

"Umeshamaliza kwako?"

"Sijaanza."

Kijua akaishika nira, akawasimamisha. "Basi warudi. Tangu lini mdogo akanawa kabla ya mkubwa?"

Wifi, aliyekuwa akichambua mbegu za mtama mlangoni, akainua kichwa. "Wewe mwanamume! Maksai mlangoni, udongo umelowa, na wewe unazungumza habari za kunawa? Kweli ng'ombe wa maskini hazai!"

"Hawa ni maksai, shemeji," Fundi akasema kutoka chini ya cherehani. "Hata wa tajiri hazai."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimtisha Fundi kuliko maneno yenyewe. Alitua mzigo wake taratibu.

"Mahindi yako dada ndiyo yanayotuvusha kiangazi," Kijua alisema. "Nyumba hii na ile. Yakiungua na baridi tutakula nini? Mtama wangu ni wa kujazia. Tena watu wataniona vipi? Kijua kamnyang'anya dada yake zamu! Baba alisema kwa mkubwa kwanza."

"Alisema hivyo maana ndiko ilikoanzia! Mwaka huu haikuanzia kwangu."

"Alisema kwa mkubwa."

"Alisema mvua!"

Walisimama hivyo, kila mmoja ameshika kipande chake cha neno la marehemu, na Diwani na Karani katikati yao wakicheua. Kama wangekuwa wanagombania kujipendelea, jirani angewaamua. Lakini hawa kila mmoja aligombania kumpa mwenzake, na ugomvi wa namna hiyo nani atauingilia? Wote wawili walikuwa na haki. Wote wawili walikuwa na sauti ya baba yao wakikasirika.

Kijua hakungoja zaidi. Alizigeuza pembe za Diwani kwa mikono yake mwenyewe, akawaelekeza mlimani. Mama Ukungu akabaki kidogo, machozi ya hasira yakichanganyika na mvua, halafu akafuata, kwa kuwa maksai walizoea sauti yake na si ya Kijua.

"Nenda, nenda!" Wifi akapaza sauti nyuma ya mumewe. "Heshima haipikwi! Ingepikwa ningekuwa mnene!"

Sasa lipo jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, na hata wangefikiria wangedhani ni dogo. Kila mwaka, maksai walipoupanda mlima kwa upande wa Kijua kurudi kwao, njia ilikuwa imeshakauka. Mvua za huko zilikuwa chache na jua halikuwa na subira. Walijua matope meusi ya upande wa ukungu, mazito, yanayoshika kwato na kuzibakiza mahali pake. Udongo mwekundu uliolowa, kwenye mwinuko, hawakuwahi kuukanyaga. Wala binadamu waliokuwa nyuma yao.

Karibu na pengo, pale njia inapopita ukingoni mwa korongo, Karani alisimama. Alitazama chini, kama kawaida yake. Akatazama tena.

"Twende!" Kijua akamchapa.

Karani akaweka mguu, na udongo ukateleza chini yake kama sabuni. Alikwenda ubavu, akavutwa na uzito wake mwenyewe kuelekea korongoni, na nira ikamvuta Diwani mpaka akapiga magoti akikoroma. Plau likapinduka pamoja na gogo lake. Mama Ukungu alipiga kelele Kijua akate ugwe wa nira. Kijua alikata. Karani akaporomoka, akagonga mwamba, akakaa.

Waliteremka, wakamsaidia, wakamsukuma, wakamwita kwa majina yote ya mapenzi na ya matusi. Mwishowe alisimama, lakini mguu wa mbele wa kulia hakuuweka chini. Bega lilikuwa limetoka mahali pake. Alisimama kwa miguu mitatu akiwatazama, bila lawama, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ndugu wawili wakakaa pengoni juu ya jiwe. Kutoka pale waliona pande zote. Huku bati la Kijua, na moshi wa Wifi. Kule paa la Mama Ukungu lenye kuvu. Mvua ilinyesha kote sawasawa, nyembamba, haina ubaguzi. Walikuwa hawajawahi kuiona hivyo tangu wazaliwe.

"Nimeua mwaka wa watu wote," Kijua alisema. Ndevu zake zilikuwa zimeanza kuingia mvi na Mama Ukungu hakuwahi kuziona mpaka saa ile, zikiwa zimelowa. Alimkumbuka akiwa mdogo, yeye akimbeba mgongoni kwenda kisimani, naye akimng'ata sikio.

"Mchuma janga hula na wa kwao," alimjibu. "Na hili tumelichuma wote wawili. Mimi niliwatoa, wewe ukawarudisha."

Wakasikia mtu akihema. Fundi alitokea kwenye kona, matope mpaka magotini, cherehani kichwani.

"Naomba kuuliza," alisema. "Tunaishi upande gani sasa? Shingo yangu inataka kujua."

Akamwona Karani. Akatua cherehani kwenye matope, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akavua shati lake, akalichana vipande virefu na kuanza kumfunga yule ng'ombe bega, kwa mikono ile ile iliyomwogopa miaka yote. Karani alimwachia.

"Kuna majembe ya mkono," Mama Ukungu akasema.

"Yapo," Kijua alijibu. "Lakini kwa mikono yetu, kabla ardhi haijakauka, tutamaliza shamba moja. Labda. Twende kwako."

Alikuwa ameshasimama. Mama Ukungu hakusimama.

"Kijua, wewe unataka mkubwa aheshimiwe?"

"Ndiyo, dada."

"Vizuri. Mkubwa anasema tunaanza kwako."

Kijua akaketi tena juu ya jiwe. Fundi, akiwa amepiga magoti chini ya ng'ombe, alisema bila kugeuka, "Hapo shemeji, umeshonwa hadi mfuko."

Walilima kwa mkono. Nyumba mbili, wakubwa na watoto, mstari mmoja kuanzia mpakani kushuka. Wifi alikuwa kiongozi, na aliyelegea alisikia habari za ukoo wake. Fundi alitoka malengelenge mpaka akavaa kastabini zake za kushonea kwenye vidole vitatu, na watoto walimcheka mpaka wakakaa chini. Jioni walikula pamoja chumba kile kile cha viti visivyofanana, nguo zikikauka juu ya vichwa vyao. Hapakuwa na kelele za cherehani. Ilikuwa imeingia maji. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, walipoulizwa ni msimu upi waliukumbuka kwa raha, wote walitaja ule, kisha wakashangaa kwa nini.

Mtama na kunde viliingia ardhini ingali laini. Mvua ikakatika, kama redio ilivyosema. Walivuka na majembe kwenda kwa Mama Ukungu. Godoro lilikuwa bado na unyevu chini, lakini siku zilikuwa zimekwenda na mikono imekwisha. Walipanda kipande kilicho karibu na nyumba, kingine wakakiacha. Mahindi yaliota, yakapendeza, yakawa marefu ya kujificha mtu. Kisha baridi ikaja na ukungu wake yakiwa yanatoa ndevu. Mama Ukungu alipomenya hindi la kwanza alikuta punje tano zimekaa mbalimbali, kama meno ya kizee. Akamenya la pili. La tatu hakulimenya.

Mwaka ule nyumba yake ilikula kwa Kijua. Haikuwa rahisi. Alikuwa amezoea kuvuka mlima na gunia lililojaa, sasa alivuka na gunia tupu. Safari ya kwanza alizunguka zunguka uani kwa mdogo wake akiulizia afya za kuku, mpaka Wifi akatoka jikoni, akamnyang'anya gunia mkononi, akaanza kulijaza mtama.

"Wifi, punguza, ninyi wenyewe..."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," Wifi akasema, akiendelea kumimina. "Shika mdomo wa gunia na ufunge wa kwako."

Mvua haikurudi kwenye zamu. Mwaka uliofuata ilinyesha kote kwa siku moja, na uliofuata tena. Mwingine ilianza kwa Kijua ikaishia huko huko. Jozi moja haikuweza tena kulima pande mbili. Kijua akakodi trekta pamoja na majirani zake. Mama Ukungu akatafuta mbegu ya muda mfupi, akalima na jozi ya jirani. Kila mmoja akajitosheleza. Kila mmoja akapanda mtama kidogo na mahindi kidogo, kwa tahadhari. Hawakugombana. Afadhali wangegombana, maana ugomvi una siku ya kupatana. Walikosa tu sababu ya kuvuka. Walisema watatembeleana kazi zikipungua, na kazi za shamba ukizingoja zipungue utangoja na kaburini.

Karani alibaki kwa Kijua. Mguu haukupona sawasawa na hakuvuta plau tena. Alikufa kwa uzee, na Wifi alikataza asiliwe. Diwani aliuzwa kwa mtu wa mbali aliyekuwa na maksai asiye na mwenzake. Fundi alinunua cherehani nyingine, akashona mpaka macho yalipomwishia. Alifariki kiangazi kimoja, na nguo yake ya mwisho, koti la mtoto wa jirani, ilikamilishwa na mtu mwingine. Wifi ana mashine ya kusaga. Watoto wa Kijua wako mijini, isipokuwa binti mmoja anayelima. Kijua anatembea kwa fimbo na anasikiliza utabiri mara mbili kwa siku. Mama Ukungu alihamia kwa mwanawe, nyumba ya ghorofa ya tatu, ambako nguo hukauka kwa siku moja. Shamba lake limekodishwa kwa mtu anayepanda viazi. Njia ya pengoni imeota vichaka, na anayetaka kuvuka huzunguka kwa barabara. Nira iko kwa Kijua, nyuma ya jiko, imelazwa chini ya pipa la maji ili lisiyumbe.